Kama Ndiyo, Gonga Mara Moja

Ketrina binti Kasiani alikuwa mwoga. Tuseme mapema, asije mtu akadhani ninampamba. Aliogopa ng'ombe, aliogopa radi, na huko Ibaba alikozaliwa radi haina likizo. Shuleni kwa wamisionari aliogopa kunyoosha kidole hata pale jibu lilipokuwa mdomoni. Na alichokiogopa kupita vyote ni swali la kujibiwa ndiyo au hapana. Ukiulizwa "umesafirije?" unaweza kuzunguka mji mzima kabla hujafika. Ukiulizwa "umesafiri?" umeshikwa shati, hakuna pa kupenya.

Mungu naye ana utani wake. Mtu huyohuyo ndiye akaja kupewa kazi ya kuuliza maswali hayo kutwa nzima, tena kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua kuanzia Mlowo hadi Tunduma.

Ilikuwa hivi. Ketrina alisomea uuguzi msaidizi, akaolewa na Yonathani, seremala, kijana wa Ibaba hukohuko, wakahamia upande wa Mlowo. Yonathani aliingia karakana ya kijiji cha ujamaa, mkewe akaajiriwa katika hospitali ndogo ya serikali, ambayo sitaitaja jina maana wengine waliofanya kazi pale wako hai na wana maneno. Mwisho wa mwaka sabini na nane vita vya Kagera vikazuka. Daktari wetu akaitwa jeshini. Mganga msaidizi akaitwa. Yonathani, aliyekuwa mgambo, akapanda lori na wenzake huku akipunga kofia, na watoto wakalikimbilia lile lori kana kwamba linakwenda harusini. Hospitali ikabaki na daktari mmoja, mgeni kutoka Kuba, Dokta Rigoberto, ambaye wagonjwa walimwita Rigobeti. Huyo bwana Kiswahili chake kilikuwa maneno sita, na mawili kati ya hayo yalikuwa matusi aliyofundishwa na madereva.

Akamchagua Ketrina kwa sababu ya sikio lake. Alikuwa akilisikia neno mara moja tu, analirudisha vilevile. Mchana, kazi ikipungua, walikaa kwenye benchi nje ya wodi na daftari moja la shule. Daktari akashika goti lake akasema, "Le duele." Anaumwa. Kisha akarudia maneno yaleyale, ila mwishoni akainua sauti: "¿Le duele?" Anaumwa?

"Basi?" Ketrina akauliza.

Ndiyo, basi. Alikumbuka Kiingereza cha shuleni, jinsi kila swali lilivyotaka uivunje sentensi uipange upya, kama kitanda kinachopitishwa kwenye mlango mwembamba. Hiki Kihispania cha Kuba kilikuwa kama cha kwetu: maneno yanakaa palepale, sauti ndiyo inayopanda. Amekula. Amekula? Kioja kilikuwa kwenye kuandika. Alama ya kuuliza waliandika mbili, moja mwisho, nyingine mwanzo kabisa, tena imesimama kwa kichwa. Ketrina aliipenda hiyo ya mwanzo. Aliona ni kama hodi. Unaambiwa mapema kuwa kuna swali linaingia, ujitengeneze.

Lakini msidhani ilikuwa rahisi. Wagonjwa wetu walikuwa na adabu, na adabu iliwatesa. Mtu mkubwa akikuuliza, unamwitikia, ndivyo walivyolelewa. Kuna bibi mmoja wa Kinyiha aliulizwa kama anaumwa kichwa, akasema ndiyo. Tumbo? Ndiyo. Mgongo? Ndiyo, mwanangu. Daktari akaandika karatasi nzima, ndipo ikajulikana kuwa bibi haumwi popote, amekuja kumuuguza mjukuu. Mara nyingine Ketrina alimuuliza mvulana wa kupasuliwa, "Hujala?" Akaitika, "Ee," maana yake ni kweli sijala. Ketrina akapeleka ile "ee" ilivyo kwa daktari, "sí", na daktari akaelewa kuwa amekula. Upasuaji ukaahirishwa, mtoto wa watu akashinda na njaa siku ya pili.

Siku hiyo daktari aligonga daftari kwa kidole akamwambia, "Pregunta. No contestes." Uliza. Usijibu wewe. Akamwandikisha mara kumi kama mtoto wa darasa la kwanza, na Ketrina akaandika huku machozi yanamlengalenga.

Basi, ikafika mwezi wa tatu, mwaka sabini na tisa. Barua ya mwisho ya Yonathani ilikuwa ya kabla ya Krismasi. Miezi mitatu, kimya. Jioni watu walikusanyika penye redio, na Ketrina alikuwa akijipitisha pale kwa mbali, nusu anasikiliza, nusu ameziba masikio kwa kitenge.

Jumapili moja akaja shemeji yake Lwitiko, binamu wa Yonathani anayeishi Mlowo, akasimama uani. "Shemeji, mzee ameshuka kutoka Ibaba. Yuko kwangu. Amekuja kuuliza kitu kimoja tu, kama Yonathani yu hai."

Mzee huyo alikuwa Ambilikile, baba yake Yonathani. Na kwa nini hakuja kuuliza mwenyewe? Kwa sababu Wandali, kabila la huko Ibaba, enzi zile walikuwa na lao. Mke wa mtu na baba mkwe wake hawatazamani, hawasemeshani, hawali pamoja. Akimwona njiani, mke huingia majanini akachutama, akampa mgongo mpaka mzee apite. Jina lake halitaji. Miaka tisa ya ndoa Ketrina alikuwa hajauona uso wa mkwewe. Alizijua sandali zake za matairi na ncha ya fimbo yake, basi. Pakiwa na dharura na hakuna mtu wa kupelekea maneno, waliambiwa waseme na kitu. Unamwambia mchi, au kizingiti, na mwenzio anasikia kwa bahati.

Ketrina angemjibu Lwitiko pale pale uani. Angesema sijui. Lakini neno hilo alikuwa hajalisema hata kwa mtoto wake Lusungu, na aliogopa kwamba akilitoa tu, litakuwa na miguu. "Nina zamu, shemeji," akasema. "Njoo Jumatano."

Jumanne asubuhi mzee aliletwa hospitali na Lwitiko juu ya mkokoteni, mvua ikimnyeshea.

Ketrina alizitambua sandali kabla ya kitu kingine. Aliruka nyuma ya pazia la khaki kama aliyeona nyoka. Daktari akamwita. Hakutoka. Akaeleza kwa kubabaika, kwa vijineno alivyokuwa navyo: baba wa mume, siangalii, siongei. Daktari aliinua mikono juu akaishusha, akasema haya, kaa huko huko, lakini uliza.

Na ilibidi aulize yeye. Mzee Ambilikile alizungumza Kindali, na Kibemba kidogo alichokiokota ujanani kwenye machimbo ya shaba. Kiswahili alikiitikia tu. Mle wodini walilala Wanyiha na Wanamwanga. Aliyejua Kindali mbali na Ketrina alikuwa Lwitiko peke yake, kwa hiyo wakafanya mnyororo. Daktari anauliza, Ketrina anampa Lwitiko swali kupitia pazia, Lwitiko anampa mzee, jibu linarudi njia ileile.

"¿Le duele aquí?" Anaumwa hapa? Ndiyo.

"¿Ha vomitado?" Ametapika? Ndiyo, tangu usiku.

Daktari alikuwa akiligonga tumbo kwa vidole, na Ketrina alilisikia linavyolia kama ngoma iliyokaushwa kwenye moto. Lilikuwa limevimba mpaka kitovu kimetokeza nje. Kisha daktari akauliza swali lake la mwisho, polepole, akitaka lieleweke.

"¿Ha expulsado gases?"

Ketrina alilielewa vizuri mno. Anataka kujua kama mzee amejamba. Mnaona balaa hiyo? Kwa Kiswahili unaweza kusema ametoa upepo, ukapona, ila Lwitiko, asiyezoea maneno ya hospitali, angempelekea mzee habari za mvua na upepo. Kwa Kindali neno hilo Ketrina alilijua moja tu, na halikuwa na nguo. Alitakiwa alitamke kwa sauti yake, mbele ya shemeji yake, mkwewe akiwa hatua mbili akisikia. Masikio yakamwaka moto.

"¿Ketrina?" daktari akaita.

"Shemeji, amesemaje?" Lwitiko naye akauliza.

Akafungua mdomo. Neno likakataa. Na mtu mwoga akibanwa hutafuta jibu lisilomuudhi yeyote, na jibu hilo siku zote ni ndiyo.

"Sí," akasema Ketrina.

Daktari akashusha pumzi kubwa. Akazungumza mfululizo huku ananawa mikono, na Ketrina akaokota kipande hapa kipande pale. Vizuri. Utumbo umefunguka. Tutamwekea dripu tungoje. Kisha akataja kijiji cha Msangano. Landrova ya chanjo ilikuwa imengoja mafuta wiki nzima, na sasa yamepatikana. Ataondoka saa saba, atarudi Ijumaa, njia ikiruhusu.

"¿Y si no?" Ketrina akauliza kutoka nyuma ya pazia. Na kama hapana? Sauti ilimtoka ndogo kama ya mtoto.

"Si no, opero ahora mismo." Kama hapana, ningempasua sasa hivi. Hakugeuka hata kumtazama. Alikuwa anajifuta mikono, amekwisha ondoka kichwani. Lwitiko naye akaaga, akakimbilia barabarani kutafuta lori la kumfikisha Ibaba akamchukue mama mkwe wa Ketrina. Wodi ikatulia, akasikika mzee tu akipumua kwa shida.

Ketrina alikwenda akakaa stoo juu ya gunia la pamba. Alijaribu kujidanganya kwamba labda ni kweli, labda mzee ametoa, nani anajua? Ndiyo hiyo, hakuna aliyejua. Hakuuliza. Akilini alimwona Yonathani amerudi na begi lake la kijeshi begani, amesimama mlangoni, anauliza: Baba alikufa kwa nini? Nimjibu nini mimi? Nimwambie niliona haya?

Sista Mwanaisha Ramadhan, mkunga aliyehamishiwa huku kutoka Pangani, akamkuta pale. "We Mama Lusungu, una nini? Umeona jini?"

Akamweleza yote. Mwanaisha aliguna, akapiga paja. "Yaani mtu afe kwa ajili ya ushuzi? Ah, hapana. Kaa hapo, nitamuuliza mimi." Akatoka kwa mwendo wake wa haraka. Hazikupita dakika tano akarudi, amekunja uso. "Nimemuuliza kama katoa upepo, kasema ndiyo, mama. Nikamuuliza kama hajatoa, kasema ndiyo, mama. Nikamuuliza kama ana mimba. Ndiyo, mama! Mwenzangu, huyo mzee anakufa kwa heshima zake. Nenda."

"Siwezi."

"Saa ngapi sasa?"

Ilikuwa saa sita na nusu.

Ketrina alijitanda shuka la hospitali kutoka utosini, likamfunika mpaka kiunoni. Akaingia wodini kinyumenyume, anapapasa kwa mkono, wagonjwa wakimkodolea macho, mpaka mgongo wake ukagusa chuma cha kutundikia dripu. Akasimama hapo. Kwa Kindali, akakiambia kile chuma:

"We chuma. Nina maneno nawe. Hapa kuna mzee mgonjwa, na daktari anataka jibu, na asipolipata leo mzee atakufa. Mwambie sitaki asemeshane na mtu asiyempasa. Ana fimbo yake. Kama jibu ni ndiyo, agonge kitanda mara moja. Kama ni hapana, agonge mara mbili. Na mwambie asijibu kwa heshima. Heshima ataipata akipona."

Ikasikika sauti ya fimbo ikiburutwa juu ya blanketi.

Akafumba macho ndani ya lile shuka, ingawa hapakuwa na cha kuona, akalitamka lile neno. Lote. Kwa sauti iliyopanda mwishoni.

Wodi nzima haikuelewa, ila kuna kitu watu walikihisi, maana hata aliyekuwa akikohoa aliacha. Ketrina alisikia maji ya mvua yakidondoka kwenye pipa la nje. Alisubiri. Alifikiri mzee amezimia. Alifikiri mzee amekasirika, atamlaani yeye na uzao wake.

Fimbo ikagonga chuma cha kitanda. Ko.

Ndiyo! Ketrina akashika tumbo, akaanza kushusha pumzi. Kumbe hakusema uongo. Kumbe Mungu amemsitiri.

Ko.

Ya pili ilikuwa dhaifu, ya mtu aliyelazimika kukusanya nguvu upya ili aunyanyue mkono. Lakini iligonga.

Alitoka mbio, shuka likaanguka mlangoni. Landrova ilikuwa tayari imewaka, Saidi dereva anairudisha nyuma kwenye matope, daktari amekaa mbele na sanduku la chanjo mapajani. Ketrina alijitupa kwenye boneti kwa mikono miwili. Saidi akafunga breki, akatukana. Daktari akateremsha kioo.

"No," Ketrina akasema. "Es no. Yo no pregunté. Mentira mía. Ahora pregunté. Es no." Ni hapana. Mimi sikuuliza. Uongo wangu. Sasa nimeuliza. Ni hapana.

Dokta Rigoberto alimtazama. Alibadilika rangi, kisha akakaza midomo. Akatoa tusi moja kati ya yale mawili, kubwa zaidi, akalitamka sawasawa kabisa, na wala Ketrina hakuona kuwa ameonewa. Kisha akafungua mlango, akashuka na lile sanduku, akakanyaga matope mpaka kwenye kifundo. Mafuta ya Msangano yakamiminwa kwenye jenereta.

Wakampasua saa nane. Hakukuwa na mikono ya kutosha, Ketrina akaambiwa ashike taa. Uso wa mzee ulifunikwa kwa kitambaa, hilo aliliomba na akakubaliwa. Tumbo halikufunikwa. Mkwe ambaye hakuruhusiwa kumtazama kidole cha mguu, sasa alimtazama mpaka ndani, na taa ikamtetemeka mkononi, na daktari akamkemea, naye akaishika kwa mikono yote miwili. Utumbo ulikuwa umejisokota kama nguo inayokamuliwa. Kipande cha urefu wa shubiri kilikuwa cheusi. Daktari alikikata, akakitupa kwenye beseni, akamwonyesha Ketrina vidole viwili vya glavu vilivyolowa damu. Saa mbili zaidi, alimaanisha. Saa mbili tu, angekuwa maiti.

Kesho yake Ketrina alikuta daftari juu ya meza yake limefunguliwa kwenye ule ukurasa wa mistari kumi. Akachukua kalamu akaandika wa kumi na moja, bila kuambiwa.

Ijumaa asubuhi alikuja kubadili chupa ya dripu. Mama mkwe Loisi alikuwa amefika, lakini wakati huo alikuwa nje jikoni anakoroga uji. Ketrina aliingia kinyumenyume kama kawaida yake, shuka utosini, akatundika chupa kwa kupapasa. Akataka kuondoka.

"We chuma," ikasema sauti nyuma yake, kavu, ya mtu asiyekunywa kitu tangu Jumanne. Kwa Kindali. "Nina maneno nawe."

Ketrina akaganda.

"Nilitoka Ibaba na swali moja. Tumbo likanikatiza. Mwulize huyo mama wa dripu, mwanangu Yonathani yu hai? Mwambie kama ni ndiyo, agonge mara moja. Kama ni hapana, mara mbili. Na asijibu kwa heshima."

Kitu kikamgusa kiwikoni. Ni mpini wa fimbo, mzee anamnyooshea.

Aliishika. Ilikuwa laini mahali pa kiganja, miaka mingi ya kiganja kimoja. Woga uliomwingia ulikuwa mkubwa kuliko wa Jumanne. Angegonga mara moja, mzee angelala usingizi, kidonda kingefunga, nani angemlaumu? Mkono wenyewe uliinuka. Ukabaki hewani, mpini ukiwa kidole kimoja tu kutoka kwenye chuma. Mara moja, uongo. Mara mbili, Mungu apishe mbali, uongo vilevile au ukweli usiosemeka. Na jibu la tatu hawakuliwekea idadi ya kugonga.

Akaiweka fimbo kitandani. Akalivua shuka kichwani. Akageuka.

Mzee alikuwa mdogo kuliko alivyomfikiria miaka yote tisa. Alikuwa na masikio ya Yonathani, yaleyale, yametokeza pembeni. Hakufunika uso. Alikuwa akimtazama, macho mekundu, ndevu nyeupe za siku tano.

"Sijui, baba," Ketrina akasema. "Miezi mitatu sina barua. Sijui."

Mkono wa mzee ukapapasa blanketi, ukaipita fimbo bila kuishika, ukaukuta wa Ketrina.

"Hata mimi sijui, mwanangu," akasema, na safari hii hakukiambia chuma.